Mtama wa Kando ya Barabara

Mella, Jumapili 3 Machi 2024

Mdogo wangu Allan,

Yoga, kama tusalimianavyo Wateso. Huku nyumbani tu wazima. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, sasa anafika kisimani bila fimbo, ingawa ndoo bado anabebewa na binti yangu Justine. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mvua imenyesha mara mbili tu, zote za kudanganya. Mwambie mkeo Carol ule ukindu wa kusukia mikeka aliotaka umekauka vizuri, nimemfungia mafungu mawili, Patroba atauleta pamoja na barua hii. Patroba unamkumbuka, yule Mkenya muuza mabeseni anayevuka mpaka wa Malaba kuja huku Uganda kila siku. Amekubali kutubebea barua, kwenda na kurudi.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Tangu Januari nimekupigia mara kumi na moja. Mara nane hukupokea, mara tatu ulikuwa kwenye mkutano. Halafu maneno ya simu hayana pa kukaa, mtu akitaka anayageuza kesho. Karatasi inakaa. Shangazi pale Amukura alitufundisha wote wawili kuandika Kiswahili, mimi kwa miaka mitano niliyokaa kwake, wewe mpaka ukamaliza shule na kupata kitambulisho cha Kenya. Basi tukitumie.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatano bwana shamba alipita hapa akitoka kwenye maonyesho upande wa Kenya, akanipa kikaratasi cha kituo chenu. Kina picha ya bua la mtama. Nilitoka nacho nje nikakitazama juani. Wekundu wake unaanzia kwenye shina na kupanda mpaka shingoni, na lile ganda la jani linalokumbatia bua lina rangi ya ini. Kwa mtama wa watu wengine, wekundu unakomea magotini. Kikaratasi kinasema kituo chenu kimefanikiwa kutengeneza mimea inayotoa rangi nyekundu ya asili, na kwamba jeni za rangi hiyo zimetoka kwa "mtama mwitu uliookotwa kando ya barabara, Busia, Kenya".

Allan, mtama ule naujua kama ninavyomjua Justine. Desemba 2021 nilikupa vikombe viwili vya mbegu yake, ukasema ni ya kusomea. Nauliza maswali mawili tu. Je, ule wa kwenye picha ni wangu? Na kama ni wangu, jina langu litaandikwa lini mahali pa mkulima?

Mimi dada yako,
Asio


Busia, 24 Machi 2024

Dada mpendwa,

Nimefurahi sana kuona mwandiko wako. Sisi hatujambo. Carol ameshukuru kwa ukindu, na ana habari njema: ni mjamzito, tunatarajia Oktoba. Mwambie Mama polepole, asije akaanza kutafuta jina sasa hivi. Nisamehe kwa simu. Ndani ya maabara haturuhusiwi kuwa nazo, tunaziacha langoni.

Ngoja nikueleze kazi yetu, najua utaipenda. Ndani ya kila mmea kuna maagizo ya urithi, ndiyo hizo jeni. Tumesoma maagizo ya mtama mwekundu tukapata jeni tatu: mbili zinatengeneza rangi, na ya tatu ni kama swichi, inaziamsha zile mbili. Katika mtama wa kawaida swichi hiyo huwaka mmea unapoumia au unapozeeka, tena chini tu. Katika huu imewaka tangu utotoni na haizimiki. Tumezichukua zote tatu tukazipandikiza kwenye mmea wa jamii ya tumbaku unaokua haraka. Ukiingia kwenye banda letu la kioo utashangaa. Majani ni mekundu kuanzia kwenye kikonyo, na wiki sita zinatosha kuvuna. Watu wa rangi za midomo, wa soseji na wa maziwa ya mtindi wanaitafuta rangi kama hii usiku na mchana, maana wamechoka na zile za kemikali.

Kuhusu kikaratasi, hayo huandikwa na watu wa ofisini. Wao hufupisha mambo. Usiwe na wasiwasi.

Nina ombi dogo. Naomba punje mia mbili za ule mtama, za kulinganishia. Kama unaweza zifike kabla ya mwisho wa Aprili, kwa sababu ya mvua.

Mdogo wako,
Allan


Mella, Jumapili 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Allan,

Hongereni, wewe na Carol. Sikumwambia Mama polepole kwa sababu yeye hasikii polepole. Ameshapata majina manne, matatu ya kike. Ndama anaendelea vizuri. Mzee jirani aliyekuwa akitushonea viatu amefariki, tulimzika Alhamisi, na nilitoa rambirambi kwa niaba yako pia.

Maelezo yako nimeyasoma mara tatu, na ni mazuri. Usidhani mimi ni mtu wa kuogopa mambo mapya. Kama jani la tumbaku linaweza kuwa jekundu kwa wiki sita wakati mtama unanichukua miezi minne, mliofanya hivyo ni watu wa akili. Nami nina maswali ya kazi. Rangi yenu ikianikwa juani inakaa siku ngapi? Ikifuliwa je? Yangu nikiikamua kwa maji ya majivu ya maganda ya maharage, mkeka unakaa miaka sita bila kupauka. Nakumbuka mwaka jana uliniuliza majivu gani na kipimo gani, nikakwambia kikombe kimoja kwa maji vikombe tisa. Ulisema ni udadisi tu.

Lakini niliuliza maswali mawili na hukujibu hata moja. Umenijibu kuhusu soseji.

Pengine umesahau mtama ule ulivyopatikana, kwa sababu ulikuwa darasa la tatu. Mwaka 2002, katika shamba la mabua mia mbili na kumi na mawili, niliona moja lililopanda rangi mpaka juu. Nilihifadhi suke lake peke yake. Tangu hapo kila mwaka nimepanda mabua mia tatu mbali na mtama wa watu wengine. Kila bua nalipigia magoti, nalibandua ganda, nalifinya kwenye kitambaa cheupe. Saba yanayozidi ndiyo yanayobaki kwa mbegu, mengine yanaliwa. Kufikia mwaka niliokupa ilikuwa misimu kumi na tisa. Hesabu mwenyewe: mabua elfu tano na mia saba yamepita chini ya mkono wangu, na ni mia moja thelathini na matatu tu niliyoyaruhusu kuzaa. Mwanzoni nilihitaji maganda ya mtama kilo tatu kutia rangi mkeka mmoja. Leo robo tatu ya kilo inatosha. Hiyo swichi unayosema haizimiki haikujiwasha yenyewe barabarani.

Umeomba punje mia mbili. Nimekufungia sitini. Mia moja na arobaini zitakuja baada ya jibu. Jibu lenyewe si refu: ndiyo au hapana.

Mimi dada yako,
Asio


Busia, 30 Juni 2024

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Patroba alipotea kwa muda, nasikia alihamia kuuza kwenye mpaka wa huku Busia, halafu kazi ikanizidi. Carol alilazwa siku mbili kwa sababu ya kutapika, sasa ameruhusiwa na anakula mihogo tu. Nimepokea majina ya Mama. Lile la pili limetupendeza.

Zile punje sitini zimeota vizuri, asante sana. Ziko shambani kwetu, nazitunza mwenyewe.

Kuhusu kukaa kwa rangi, tulikuwa na shida hiyo, lakini sasa tumeitatua.

Kuhusu hilo jambo lingine, Dada, naomba uniamini. Liko kwenye mkondo wake. Mambo ya hati ni marefu, kuna sheria za nchi mbili. Mwaka huu una mambo mengi, tukiuvuka salama nitakaa na wewe tuzungumze ana kwa ana. Mimi si mtu wa kukusahau. Nani asiyejua kwamba wewe ndiye uliyenilea?

Usilipe nauli ya kuja huku kwa sasa, kituoni hawaruhusu wageni.

Mdogo wako,
Allan


Mella, Jumapili 14 Julai 2024

Allan,

Mama hajambo. Mihogo nimempa Patroba, mwambie Carol aimenye vizuri. Habari nyingine za nyumbani zitasubiri.

Alhamisi Patroba alikuja na mabeseni yake, akakaa kwenye gogo akinicheka. Akasema, "Mama Asio, yule ndugu yako kwani alifutwa kazi?"

Nikamwambia, "Afutwe kwa nini? Yuko kituoni na koti lake jeupe."

"Koti jeupe gani? Mimi nimemwona na jembe, kando ya mtaro wa ile yadi ya malori, njia ya kwenda Kisumu. Mara ya kwanza Mei, na tena juzi akipalilia. Nilimsalimia nikamwambia, daktari, siku hizi unalimia malori? Alijifanya hanioni."

Nilimwambia Patroba amefananisha watu. Lakini Ijumaa nilivuka. Nilifika pale saa nne asubuhi. Niliuona mtama kutoka ng'ambo ya barabara, kabla hata sijavuka lami.

Yako mabua arobaini na manne. Kwa hiyo kumi na sita kati ya sitini hazikuota au zimekanyagwa. Yana urefu wa kunifika kiunoni na wekundu umeshapita magoti. Yako katika mistari mitatu, kumi na tano, kumi na tano, kumi na manne. Nilivua kiatu nikapima. Kati ya mstari na mstari ni nyayo mbili, kati ya bua na bua ni wayo mmoja na shubiri. Kipimo hicho hakiko kwenye kitabu chochote. Ni wayo wangu na shubiri yangu, nilikufundisha ukiwa na miaka kumi, na ulipokosea nilikurudisha mwanzo wa mstari. Umepanda mtama mwitu kwa kipimo cha dada yako. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe akipita pale atajua kwamba kuna mkono umefanya kazi.

Wewe uliniambia ziko "shambani kwetu".

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikafikiri. Kikaratasi kinasema mtama uliokotwa kando ya barabara Busia. Mtama haukuwa kando ya barabara Busia. Sasa upo. Mtu huweka kitu mahali pa uongo wake pale anapojua kuna mwingine anakuja kuangalia. Je, nimekosea hesabu?

Punje mia moja na arobaini zimebaki kwangu. Safari hii niandikie ukweli, au usiandike.

Asio


Busia, 21 Julai 2024

Dada,

Hujakosea.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Sasa naiandika yote.

Ile Desemba niliivusha mbegu ndani ya mkeka uliokunjwa, ule uliompa Carol. Unajua ilivyokuwa mwaka ule wa korona, mpaka ulikuwa na vizuizi kila mahali, na mbegu haivuki bila kibali cha afya ya mimea. Kibali kingechukua miezi. Mradi ulikuwa unatafuta mimea yenye rangi na mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa muda, Dada. Wenzangu walileta mchicha na rozela. Nilijua nina kitu cha kuwashinda wote.

Nikapewa fomu. Nchi. Wilaya. Jina la mkulima. Namba ya kibali. Nikiandika Uganda, wanataka kibali. Nikiandika jina lako, wanataka mkataba wenye sahihi yako na wa serikali mbili. Nikaandika Kenya, Busia, kando ya barabara. Pale pa mkulima nikaweka kistari. Nilijiambia ni mbegu ya majaribio tu, itashindwa kama zile nyingine, fomu itatupwa. Haikushindwa. Ilishinda kila kitu. Baada ya mwezi nikaajiriwa kabisa. Kila mwaka ile fomu imenakiliwa kwenye fomu nyingine, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kusema.

Sasa tunaomba haki ya kumiliki uvumbuzi, na wanasheria wanataka kuonyeshwa mahali mmea ulipookotwa. Madamu Bridgit, mkuu wetu wa mradi, atakwenda pale Jumatano tarehe 14 Agosti pamoja na wageni wawili. Mimi ndiye wa kuwaongoza.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, ile mistari. Sikuifikiria, mikono ilipanda yenyewe. Mimi siwezi kuonekana pale tena, wenzangu wanapita kila siku. Tafadhali nenda uipunguze ivurugike. La pili ni gumu. Madamu anapenda kuwauliza wenyeji. Ukiwepo wewe, umekaa tu hapo kama mtu anayepita, akuulize, useme unaota wenyewe kila mwaka, basi itakwisha. Mwingine nikimwomba atanidai kimya chake maisha yangu yote.

Ikijulikana, nitafukuzwa na pengine nishtakiwe, na Carol atajifungua Oktoba. Baadaye, nikiwa na nguvu zaidi pale, nitalirekebisha jina lako. Naapa kwa mguu wa Mama.

Mdogo wako,
Allan


Mella, Jumapili 28 Julai 2024

Allan,

Usiape kwa mguu wa mtu mwingine.

Nimesoma. Nimekaa wiki nzima na maneno yako. Umesema nikisema uongo mara moja, wewe utasema kweli baadaye. Nimejaribu kuona hiyo baadaye iko mwezi gani, sikuiona. Lakini mtoto yupo na Oktoba ipo.

Nitakuja.

Asio


Mella, Jumapili 18 Agosti 2024

Kwa Bwana Allan Ojulong,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mama mtoto. Huku tu wazima. Mama aliuliza kama tulionana Jumatano, nikamwambia kulikuwa na watu wengi.

Nitaeleza mambo kwa mpangilio, ili yawepo kwenye karatasi.

Jumanne asubuhi nilifika mtaroni nikafanya ulivyoomba. Niling'oa mabua ishirini na sita kati ya arobaini na manne. Nilitaka kung'oa yaliyo dhaifu, kama nilivyozoea, lakini nikaona mistari ingebaki inaonekana. Ikabidi ning'oe yaliyo mazuri. Kuna moja la mstari wa kati lilikuwa jekundu mpaka chini ya suke, na suke halijafunguka. Katika miaka yote hii sijawahi kung'oa bua kama lile. Nilililaza juu ya mengine nikayatupa mtaroni, nikafukia mashimo kwa mguu. Yakabaki kumi na manane, yametawanyika kama magugu. Ilikuwa kazi safi.

Jumatano nilikaa pale na kikapu cha ndizi. Mlikuja saa tano na robo. Wewe ulitangulia ukionyesha kwa kidole, halafu madamu Bridgit, halafu wale wawili wenye kamera. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mama, lakini sikuweza. Alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake zuri, akalibandua ganda kwa ukucha, akalinusa. Hivyo ndivyo nifanyavyo mimi. Kabla yake sijamwona mtu mwingine akifanya hivyo.

Akafungua faili akasoma kwa sauti ili wageni wasikie. Mkusanyaji, Allan Ojulong. Nchi, Kenya. Mkulima, hakuna. Hapo nilikuwa tayari, uliniambia kuhusu kistari. Halafu akasoma mstari ambao hukuniambia. "Matumizi ya wenyeji: hakuna yanayojulikana."

Hakuna yanayojulikana. Na wewe ulilala juu ya mikeka ile tangu ukiwa mtoto. Kipimo cha majivu ulikitoa kinywani mwangu ukakipeleka kwao, kikatatua shida yao, halafu ukaandika kwamba huku hatujui kitu. Kistari nilikielewa. Mtu aliyeogopa kibali huweka kistari. Lakini kwa mstari ule hakuna aliyekudai kibali.

Madamu alinigeukia akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama, habari ya biashara?" Akauliza, "Huu mtama hapa unapandwa na nani?"

Nikamjibu, "Unaota tu, madamu. Kila mwaka naona unaota tu."

"Na huwa mnautumia kwa kazi yoyote?"

"Hatuna kazi nao."

Ulisikia. Maneno hayo yamenitoka mimi. Kwa dakika moja nilifuta kila bua nililolipigia magoti, na nilifanya hivyo nikiwa na akili timamu, kwa ajili yako. Deni lote nililodhani ninalo kwa mama yetu juu yako, nililimaliza pale.

Mambo yangekwisha hapo. Lakini madamu ana macho. Alinitazama, akakutazama wewe, akacheka kidogo, akasema, "Allan, mbona wewe na huyu mama mna paji la uso moja? Ni mtu wenu?"

Hilo hukuwa umeliandaa na mimi sikuwa nimeliandaa. Ungeweza kusema ni jirani. Ungeweza kusema sisi Wateso tunafanana. Ungeweza kusema ni dada yangu, anauza ndizi hapa, na uongo wetu ungeendelea kusimama vilevile, kwa sababu hakuna sheria inayomkataza dada wa mtu kuuza ndizi karibu na mtama. Nilisubiri. Nilihesabu, ni tabia yangu. Nilifika nne.

Ukasema, "Hapana, madamu. Simjui. Watu wa mpakani hawa, wanapita tu." Ukaniambia mimi, mbele yao, "Mama, sogeza kikapu, wageni wapige picha."

Nikasogeza kikapu.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hilo limezidi mengine. Mbegu uliichukua kwa haraka, fomu uliijaza kwa hofu, mistari uliipanda kwa mazoea. Lakini swali lile lilikuwa rahisi, na jibu la kweli lisingekugharimu kitu. Ulichagua la uongo kwa sababu umeshazoea kuniondoa.

Leo nimeandika barua mbili. Hii ni yako. Nyingine ni ya madamu Bridgit, ina kurasa nne, na Patroba ataifikisha langoni kwenu kesho Jumatatu kabla ya saa tatu, aiweke mkononi mwake na si kwa karani. Nimemwandikia kwamba niliyomwambia Jumatano hayakuwa kweli na ninamwomba radhi. Nimemwandikia misimu yote kumi na tisa, idadi ya mabua kila mwaka, na mwaka wa 2011 ukungu ulipobakiza mabua saba tu. Nimemwandikia majivu ya maganda ya maharage, kikombe kwa vikombe tisa. Nimemfungia zile punje mia moja na arobaini, apande mwenyewe aone, na nimemwalika Mella mwezi wa Novemba wakati maganda ya mtama yanabanduliwa. Nimemwandikia pia kwamba mbegu ilivuka mpaka ndani ya mkeka bila kibali, na kwamba aliyeifunga kwenye mkeka ni mimi. Hilo ni kweli, wewe ulishika tu ncha. Kama kuna faini ya kuvusha, nusu yake ni yangu.

Sijui watakufanya nini. Nimeifikiria Oktoba, usidhani sikuifikiria. Carol akitaka kuja kujifungulia huku, chumba kipo na Mama anamsubiri. Yeye hakusema hanijui.

Kuna mahali ilinibidi nieleze ni nani aliyezipokea mbegu mkononi mwangu. Niliandika "mdogo", nikasimama. Nikakata neno lile kwa mstari mmoja, nikaandika "mfanyakazi wenu mmoja". Neno "simjui" ulilitamka mwenyewe mbele ya mashahidi watatu, na mimi siwezi kuweka kwenye karatasi jambo ambalo mwenyewe amelikana.

Teopista Asio,
mkulima wa mtama,
Mella, Tororo